Ugonjwa wa Redio ya Igamba

Igamba, Mbozi
8 Juni 2025

Mwanangu Enesi,

Natumaini u mzima na kwamba unakula chakula kinachoeleweka, si chipsi za barabarani kila jioni. Mimi ni mzima. Kahawa imeanza kuiva upande wa bondeni. Mama yako bado yuko Kamsamba kumwangalia dada yako Felista na mtoto wake mchanga, kwa hiyo ninapika mwenyewe, na ugali wangu hata mimi haujanishawishi.

Usinipigie simu. Nimekwisha kusema, simu za siku hizi zinakatakata maneno. Andika barua, uiweke kwenye basi, na Mika wa bodaboda ataipokea pale Mlowo aniletee. Mambo ya ufundi huandikwa, mtu akasoma mara mbili.

Sasa nisikilize. Kaka yako Brayan amepeleka maneno kwa baba zako wadogo. Anataka kile kibanda changu cha Tunduma auze makava ya simu na chaji. Anasema kutengeneza redio ni kazi iliyokufa, na hata kama haijakufa, si ya msichana. Mimi sijamjibu. Kikao cha ukoo ni tarehe 16 Agosti, na mwenye kibanda atatajwa siku hiyo. Nimekaa pale miaka thelathini na minne. Simpi mtu kwa sababu analia, wala kwa sababu alizaliwa kwanza.

Kwa hiyo nakupa mtihani. Redio yangu ya hapa nyumbani inaumwa. Sauti zimefunikwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Watangazaji wa kike ndio kabisa, siwapati neno. Nikiongeza sauti, mzee Jofrey wa jirani anakuja kulalamika ati nampigia kelele. Mzee yule ana utani mwingi. Wewe utaitibu bila kuiona. Uliza, nitakujibu. Ukiona umeujua ugonjwa, tuma spea. Redio ikisema vizuri kabla ya kikao, kibanda ni chako, na neno hilo nitalisimamia. Ikikushinda, atachukua Brayan, nami sitabishana na mtu.

Na usisahau nilichokufundisha. Kila steshoni inakuja na masafa yake, na redio haiwezi kumhudumia kila mgeni kwa namna yake. Ndiyo maana ndani yake kuna oskileta, mwimbaji wa ndani asiyesikika nje, anayeimba juu ya steshoni kwa tofauti ile ile siku zote: kilohezi mia nne hamsini na tano. Ukizungusha kitufe kutafuta steshoni nyingine, naye anapanda au kushuka pamoja nayo, kama ulivyokuwa ukinifuata shambani ulipokuwa mdogo, hatua nne nyuma yangu, nikiharakisha unakimbia. Mchanganyaji anawakutanisha wawili hao, steshoni na mwimbaji, na kutoka kwao inazaliwa ile tofauti, ikiwa imebeba maneno yote ya steshoni. Kuanzia hapo redio inashughulika na mia nne hamsini na tano tu, haijali mgeni alitoka wapi. Mwimbaji akinyamaza, hupati kitu.

Baba yako,
Lwitiko


Tunduma
15 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka petroli ya Mika. Wenzangu wa vibanda vya jirani wamenicheka, wanasema naandikiwa barua kama nina mchumba jeshini. Nimewaambia ninaye, na ana mvi.

Chipsi nimepunguza. Sijasema nimeacha.

Baba, umeniweka pabaya. Kazi hii naipenda, na sijui kuipenda nusu nusu. Huu ni mwaka wa pili nimekaa kwenye kiti chako, na bado wateja wanachungulia nyuma yangu wakiuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Jana mmoja wa Nakonde alininyang'anya redio yake mikononi, akasema atamsubiri baba. Nikaichukua tena, nikaitengeneza yeye amesimama. Aliondoka bila kusema asante, lakini leo amemleta shemeji yake na redio mbili. Brayan naye alipita Jumatano na futi kupima ukuta wa kabati lake la vioo. Alipima mpaka nilipokaa. Nilimwinulia miguu apime vizuri.

Haya, mgonjwa wetu. Betri ni mpya? Spika haijachanika? Steshoni zote zimefifia, au baadhi?

Halafu fanya hivi. Azima redio ya mzee Jofrey, uiweke karibu na yako, zote mbili kwenye mawimbi ya kati. Ya Jofrey iache kwenye steshoni iliyo kama elfu moja na mia mbili. Ya kwako izungushe polepole ukipita mia saba arobaini na tano. Ongeza mia nne hamsini na tano hapo, unafika elfu moja na mia mbili kamili. Yaani mwimbaji wa redio yako atakuwa ameikalia steshoni ya Jofrey, na redio ya Jofrey itapiga mluzi. Utaanza juu, mwembamba, utashuka mpaka uwe mngurumo, utanyamaza, kisha utapanda tena. Mluzi ukiwapo, mwimbaji wako ni mzima. Usipokuwapo, tumempata mgonjwa.

Ulinifundisha wewe mwenyewe jaribio hili nikiwa darasa la sita. Niliposikia mluzi ule mara ya kwanza nilikimbia nje.

Mwanao,
Enesi


Igamba
24 Juni 2025

Mwanangu Enesi,

Marahaba. Huyo wa Nakonde akirudi tena, mwambie baba amesema asubiri mpaka aote mizizi.

Betri ni mpya. Spika ni nzima, nimeipapasa yote. Steshoni zote zimefifia, hakuna iliyopona. Jofrey alileta redio yake, akaiwasha, mara mkewe akamwita akaondoka, nikafanya jaribio peke yangu. Nilizungusha polepole kama ulivyoagiza. Hakuna mluzi. Katikati hapo ulipita mngurumo mfupi, kama ng'ombe anayeota, basi. Nimerudia mara nne.

Nimefurahi kwa swali lako, ni swali la fundi. Mwimbaji ndiye mgonjwa. Tuma koili yake, ile yenye kichwa chekundu, pamoja na transista. Nitachomelea mwenyewe, mkono bado hautetemeki.

Mama yako amechelewa kurudi. Nyumba imekuwa kimya mno, sikujua kama nyumba inaweza kuwa kimya kiasi hiki.

Baba yako,
Lwitiko


Tunduma
2 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Ndani ya kopo la maziwa utakuta koili nyekundu mbili na transista tatu, nimezifunga kwa pamba. Koili moja ni ya akiba. Nimeweka na sukari, maana najua ukipika mwenyewe unakunywa chai bila sukari na kujiambia ni afya.

Kuna jambo linanisumbua. Mwimbaji akifa, redio haipati steshoni hata moja. Mchanganyaji hana wa kumkutanisha na steshoni, ile tofauti haizaliwi. Lakini wewe steshoni unazisikia, ingawa kwa mbali. Sentensi hizi nimeziandika, nikazikata, nikaziandika tena. Ila jaribio umelifanya kwa mikono yako, mara nne, na mimi ni nani wa kumwambia baba yangu kwamba hakusikia sawasawa?

Basi. Badilisha, uniambie.

Enesi


Igamba
20 Julai 2025

Enesi,

Nimebadilisha koili. Nimebadilisha transista. Nimerudi kwenye jaribio na redio ya Jofrey, ni vile vile: hakuna mluzi, ule mngurumo tu unapita na kupotea. Sauti bado iko ndani ya blanketi. Nimekaa na redio hii siku tisa, mgongo unauma na kahawa inanisubiri.

Sikulaumu. Labda ni mimi niliyekupa mtihani mkubwa kuliko umri wako. Labda Brayan ana haki, kazi hii imekwisha, na mambo yote sasa yanafifia. Hata kwaya ya kanisani siku hizi inaimba kama imefunga midomo. Niliwaambia Jumapili, wakatazamana.

Lakini ahadi ni deni. Nilisema redio isiposema, anachukua Brayan, na tarehe 16 nitawaambia hivyo baba zako. Nimeandika mstari huu kwa shida. Kama una swali jingine liulize upesi.

Baba yako,
Lwitiko


Tunduma
25 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, na Felista ameniambia uliiangusha kwenye maji ya mpunga. Kwa hiyo nimemwomba dereva wa lori anayekuja huko kuchukua mchele akupe hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine.

Mama, baba anaumwa masikio.

Ngoja nikueleze nilivyojua. Alifanya jaribio la redio mbili. Mluzi wa jaribio lile unashuka kama mtu ateremkaye ngazi: juu mwembamba, chini mnene, mwisho mngurumo. Baba ameniandikia mara mbili kwamba alisikia mngurumo, ila mluzi haukuwapo. Haiwezekani, mama. Huwezi kukuta mtu amefika ngazi ya chini kabisa na hakupita za juu. Mluzi ulikuwapo mara zote, masikio yake ndiyo hayakuupata. Redio haina ugonjwa, na haikuwa nao tangu mwanzo. Nimemfanya baba yangu afumue redio nzima kwa siku tisa.

Baada ya hapo nilisoma barua zake zote upya nikaona mambo haya. Watangazaji wa kike hawapati. Jirani analalamika kelele. Simu inakatakata. Kwaya imefunga midomo. Yote aliniandikia, nami nilikuwa nikitafuta ugonjwa kwenye koili.

Sasa sijui nifanye nini. Nikisema ukweli, nimeshinda mtihani na kibanda ni changu, lakini nitakuwa nimemvua nguo fundi Lwitiko mbele ya ndugu zake. Watu watasema alikuwa anatengeneza redio asizozisikia. Nikinyamaza, heshima yake inabaki, na Brayan anaingiza kabati lake. Nimelia, mama, halafu nikatengeneza pasi ya mtu nikiwa nalia.

Uniambie.

Enesi wako


Kamsamba
31 Julai 2025

Enesi,

Marahaba. Huku joto halina adabu. Mtoto ananenepa, Felista ni mzima.

Ya baba yako nayajua tangu mwaka juzi. Wewe ulikuwa unafikiri mama yako kawa mkali uzeeni? Napaza sauti ndani ya nyumba yangu mpaka wanawake wa jumuiya wananiombea nipunguze hasira. Mimi sina hasira na mtu. Nilikuwa namfichia yeye, naye alikuwa ananificha mimi, tumeishi hivyo tukila sahani moja.

Nilikosea. Nilipoondoka nilimwacha peke yake na ile nyumba, na ona sasa anapigana na redio.

Usiyapeleke maneno haya kwenye kikao. Ya baba yako mpelekee baba yako. Na usimwambie kama daktari, wala kama mtoto anayemhurumia mzee, hilo hatalivumilia. Mwambie kifundi. Lugha hiyo mnaijua ninyi wawili, mimi hamjawahi kunifundisha.

Narudi tarehe 10.

Mama yako


Tunduma
4 Agosti 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Uliniambia niulize upesi kama nina swali jingine. Ninalo moja.

Chukua ile mita yako ya sindano, uiweke kwenye volti ndogo za mkondo geugeu. Fungua redio ya mzee Jofrey, siyo ya kwako, ufunge waya mbili za mita kwenye spika yake. Kisha rudia jaribio kama zamani, ila safari hii usisikilize kitu. Tazama sindano peke yake. Mtangazaji akiongea, sindano itacheza kufuata maneno yake. Ukikaribia mia saba arobaini na tano angalia kama itapanda na kukaa juu, imetulia, kama mtu ameishikilia. Huo utakuwa mluzi. Kwa dakika chache mita ndiyo iwe sikio letu.

Sitakuambia utaona nini. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kabla hujailaumu redio, pima kwanza kifaa unachoipimia.

Majibu usiniandikie kama hutaki, na kwenye kikao usiseme neno usilotaka kulisema. Mwambie Brayan achukue kibanda. Nitatafuta meza hata uani kwa mtu, mikono ninayo. Bila kibanda nitaishi, baba. Ila ukikaa huko peke yako ukidhani dunia nzima imeanza kunong'ona kwa makusudi ili usisikie, hilo mimi siliwezi. Nakupenda, na ningekuambia kwa simu kama ungeweza kunisikia.

Enesi


Igamba
17 Agosti 2025

Mwanangu Enesi,

Marahaba, na pole kwa kusubiri. Barua yako nilikaa nayo siku tatu mfukoni kabla sijaichukua ile mita.

Sindano ilipanda ikakaa juu. Nilirudia. Ikapanda. Mara ya tatu niliweka kidole kwenye spika, ikawa inatetemeka chini ya kidole changu, inalia kwa nguvu zake zote, na mimi nimekaa mbele yake sisikii chochote. Jofrey alikuja mbio ameziba masikio, akauliza ni kelele gani hizo. Nilimwambia ni kelele za kweli.

Sitakudanganya. Nilikuwa najua, ila sikuwa nimejiambia. Mwaka wangu wa mwisho hapo Tunduma, wewe ndiwe uliyekuwa ukisema "baba, hii bado inapiga mluzi", nami naitikia kana kwamba nimesikia. Nilidhani naondoka kwa sababu ya kahawa. Niliona afadhali redio iwe imeharibika, maana redio najua kuitengeneza.

Jana kikao kimekaa. Mama yako alitaka nimwachie yeye aseme, nikakataa. Nilisimama nikawaambia baba zako hivi: "Nilimpa Enesi redio mbovu atibu akiwa mbali, naye amegundua ni nzima, mbovu ni masikio yangu. Amelijua hilo kwa barua. Mimi nimekaa nayo mkononi miezi miwili na sikulijua. Kibanda ni cha Enesi, na atakayekipima ukuta tena anipime mimi kwanza." Nilidhani watacheka. Baba yako mdogo wa Vwawa alisema tu, "Kaka, sisi tulidhani umeanza kutudharau, tunakusalimia huitikii."

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kupumzika. Brayan alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alisema kitu akiwa ameinamisha kichwa, nikakikosa. Zamani ningetikisa kichwa tu. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Sisikii, mwanangu, njoo karibu." Akaja, akachuchumaa hapa miguuni. Akaniuliza, "Baba, siku ile nilipokupigia simu baada ya bibi kuzikwa, ulisikia nilichokuambia?"

Unajua hakuja kumzika mama yangu. Alikuwa amekwama Zambia na mzigo, na mimi nililishika hilo rohoni, nikisema mtoto huyu hata neno la pole hakuwa nalo. Kupiga alipiga, nakumbuka. Nilisikia malori, na sauti yake kama maji yanayopita mbali. Niliona aibu kumwambia arudie mara ya nne. Nikamwambia, "Sawa, sawa, betri inakwisha," nikakata.

Kumbe alikuwa analia, Enesi. Alikuwa ananiomba radhi. Na kwa miezi kumi na sita amekaa akijua kwamba alimlilia baba yake, na baba akamjibu betri inakwisha.

Akaniomba upya pale pale, mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu la kushoto, polepole, baba zake wote wakimtazama. Nilisikia kila neno. Nikamwekea mkono kichwani, nikamjibu.

Baba yako,
Lwitiko